Bi Deki Hakushukuru

Jumatatu saa moja asubuhi Bi Deki alijaza ndoo mbili kwenye bomba la nyuma ya kanisa, moja ya kulowekea tambara na moja ya kusuuzia, akaliambia bomba asante kwa kutoa maji, akavua viatu, akapandisha gauni na kulifunga kiunoni. Kisha akaanza kupiga deki kutoka madhabahuni kwenda mlangoni, kama alivyofanya kwa miaka kumi na tisa. Jina lake la ubatizo lilikuwamo kwenye rejista, ila hakuna aliyewahi kusumbuka kulitafuta. Alikuwa mtu wa asante. Alimwambia asante aliyempisha njiani, na alimwambia asante aliyemkanyaga kisha akageuka kumtazama. Binti yake alipokuwa mdogo alipigwa makofi mawili kwa kupokea kipande cha mkate bila kulitamka neno hilo.

Jumatatu hiyo, mbele ya mimbari, mahali watu waliposimama jana yake kutoa shukrani, alikuta utando mweupe sakafuni. Ulikuwa unanata kidogo, kama povu la sabuni lililokaukia beseni. Aliusugua mara tatu, akalikamua tambara kwa mikono mitupu, akaendelea na kazi. Alipofika safu ya sita ya mabenchi, jino la gego la upande wa kushoto lilianza kumuuma. Jino hilo hakuwa nalo. Liling'olewa zamani, akiwa na mimba ya binti yake. Aliligusa pengo kwa ulimi, akalikuta tupu na linauma. Akamaliza safu zilizobaki, akaanika tambara.

Wiki iliyokuwa imepita ndiyo ya kwanza ya Siku Arobaini za Kutonung'unika. Zilitangazwa kwa sababu nyakati zilikuwa hazieleweki. Kiwanda cha sabuni, ambacho kiliajiri nusu ya mji na kuikohoza nusu hiyo hiyo, kilikuwa kimepunguza zamu. Kila Ijumaa watu walisikia kwamba kinafungwa, na kila Jumatatu walikikuta wazi, jambo lililowachosha kuliko kama kingefungwa kweli. Feni kubwa ya ukutani katika chumba cha kupikia, ile iliyokuwa ikivuta mvuke wa magadi na kuutupa nje, ilikufa mwaka juzi na haikuzikwa wala kufufuliwa. Wafanyakazi walilalamika kwa barua, kisha kwa mdomo, kisha kwa kukohoa tu. Meneja wa kiwanda alikuwa pia mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Alizisoma barua zote, akazipeleka kwa Mchungaji, wakasali juu yake wakiwa wamezishika, na walipofumbua macho wote wawili walikuwa wameona kwamba tatizo liko katika mioyo ya watu.

Mchungaji alikuwa na sauti nzuri na soksi safi, na maishani mwake hakuwahi kuinua kitu kizito kuliko Biblia ya mimbarini, na hata hiyo alikuwepo mtu wa kumfungulia ukurasa. Alieleza kwamba katika nyakati kama hizi Mkristo ana mambo mawili ya kuchagua, kushukuru au kulalamika, na kwamba kulalamika ni kumtukana Mungu kwa adabu. Mwenye dhiki asimame mbele, aitaje kwa jina, aishukuru.

Ilifanya kazi tangu Jumapili ya kwanza. Katibu wa kanisa, mpigachapa mstaafu, alisimama akashukuru kwa jino lake la gego lililomnyima usingizi kwa miezi mitatu. Kabla hajarudi kwenye benchi jino lilikuwa limenyamaza. Alifungua mkoba, akatoa njugu, akazitafuna kwa upande wa kushoto mpaka mwisho wa ibada. Watu waliona ni sawa. Waliahidiwa hivyo na kilichoahidiwa kilitokea, kwa hiyo hawakuwa na swali.

Jumapili ya pili Meneja alishukuru kwa jongo la kidole gumba cha mguu, na mwalimu wa kwaya akashukuru kwa mgongo. Mzee mmoja alishukuru kwa kiungulia, na mkewe akashukuru kwa mzee. Jumatatu Bi Deki alisugua utando wa wote wanne. Alirudi nyumbani akichechemea kwa mguu wa Meneja, ameinamia mbele kwa mgongo wa mwalimu wa kwaya, na kifua kikimwaka. Kile alichokishukuru yule mke hakuweza kukieleza, ila kila alipokaa chini alikuwa na hamu ya kuhama nyumba.

Hakuwa mjinga. Asubuhi ile alikuwa amejaribu mifuko ya nailoni mikononi, ikachanika. Alijaribu glavu nyembamba za dukani, zikatoboka kabla hajafika safu ya pili. Zilizoweza kuhimili ukali ule zilikuwa zile nyeusi ndefu za kiwandani, za kushikia magadi, na hizo zilitoka kwa Meneja tu. Jumanne akaenda ofisini kwa Katibu.

"Naomba glavu," alisema. "Zile nyeusi za kiwandani."

"Za nini?"

"Shukrani zenu zinanata. Nikikamua tambara zinaniingia mwilini. Jino lako ninalo hapa."

Katibu alimtazama kwa huruma ya mtu asiyeumwa na jino. "Linakusumbua sana?"

"Wewe si unalijua."

"Ndiyo, lilikuwa baya hilo," Katibu alikubali. "Lakini dada yangu, hapa umelileta kama lalamiko. Siruhusiwi kuliandika hivyo mpaka siku arobaini ziishe. Hebu ligeuze kidogo. Sema unashukuru kwa mikono uliyopewa."

"Mikono ninayo. Naomba glavu."

Katibu alikuwa mwepesi wa kazi, na mashine yake ilikuwa na utepe mpya. Katika muhtasari wa kikao cha wazee, kifungu cha tano, iliandikwa: Bi Deki anashukuru kwa mikono. Wazee walipokea shukrani hizo kwa furaha na wakapitia kifungu cha sita. Kwa kuwa hakuzisema kwa kinywa chake, hazikumwondolea kitu.

Alichohitaji kujua alikijua nyumbani, kwa bahati mbaya. Aliishi katika chumba kimoja na binti yake, mwanamke wa miaka ishirini na nane aliyerudi kwa mama baada ya ndoa kumshinda, na ambaye alifunga sabuni kwenye karatasi kule kiwandani. Jumatano jioni binti alimletea kikombe cha maji, na Bi Deki, ambaye tangu jino lianze kuuma hakuwa amelitamka neno hilo, akasema asante kwa mazoea ya maisha yote. Jino likanyamaza. Mguu ukapoa, mgongo ukanyooka. Alibaki amekishika kikombe, akisikia jinsi mwili wake mwenyewe ulivyo mwepesi. Sakafuni, karibu na kitanda, palikuwa na doa jeupe. Binti, ambaye hakuvumilia uchafu kwa sababu alifundishwa na mama huyo huyo, alilipangusa kwa tambara.

Asubuhi binti aliamka ameshika shavu. Alijaribu kusimama na mguu wa Meneja haukumruhusu.

Bi Deki alimtazama akichechemea kutoka mlangoni hadi kwenye jiko. Alifikiri kidogo, kwa sababu hakuwa na uzoefu wa jambo lile, kisha akasema kwa sauti: "Nalalamika. Jino ni langu, linaniuma, na mguu ni wangu, na mgongo ni wangu, na kiungulia pia. Na kile kingine."

Vyote vikarudi kwa mpigo. Aliketi kitandani mpaka pumzi ikamrudia. Binti alisimama wima katikati ya chumba, mzima, na shavu lake bado lilikuwa na alama ya kiganja.

"Mama, ni nini hiki?"

"Ni mambo ya kanisani," Bi Deki alisema. "Na chai yako ya jana ilikuwa nyepesi mno."

Tangu siku hiyo hakusema tena asante, kwa mtu wala kwa bomba. Kwa kuogopa lisimponyoke neno hilo, alianza kulalamika mapema kila siku, kabla ulimi haujazoea kitu kingine. Alilalamikia mto, mwanga, kelele za kuku wa jirani. Hata kusali alisali hivyo. Alipiga magoti alfajiri akamweleza Mungu kila kilichoharibika, kimoja kimoja na kwa hasira, na alipoinuka alikuwa na hakika kabisa kwamba amesikilizwa. Jirani mmoja alimwambia uzee umemharibu tabia.

Jumapili ya tatu ilikuwa zamu ya kiwanda. Wafanyakazi sitini na wawili waliobaki kiwandani walisimama mbele kwa safu, binti yake akiwemo safu ya pili, wakashukuru kwa pamoja kwa vikohozi vyao. Wakati ule ule kanisa likawa kimya kuliko lilivyowahi kuwa, na Mchungaji alisikia sauti yake mwenyewe mpaka kwenye kona za dari, akaipenda. Sakafu ilikuwa nyeupe kutoka mimbarini hadi safu ya tatu. Alipokuwa akiteremka aliteleza kidogo, akashikilia mimbari, na akalishukuru hilo pia.

Binti aliimba njia nzima ya kurudi nyumbani. Hakuwa ameweza kuimba ubeti mzima tangu feni ilipokufa. Bi Deki alitembea nyuma yake akimsikiliza, na alimwacha aimbe. Angeweza kumwambia asubuhi ile asisimame mbele. Alikuwa amewaza kumwambia, usiku kucha mluzi wa kikohozi chake ukipenya pazia, na akaamua kunyamaza.

Jumatatu alipiga deki kuanzia saa moja hadi saa nane. Alitumia ndoo tisa.

Binti alirudi kutoka kazini saa kumi na moja, kifua chepesi, na kabla hajafika mlangoni alisikia kikohozi kutoka ndani. Alisimama akakisikiliza. Kilianza chini, kikapanda, kikakatika, na mwishoni kikatoa mluzi mrefu mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Alikijua vizuri sana. Aliwahi kulala nacho miaka miwili. Akaingia ndani.

"Hicho ni changu," alisema.

"Kipi?"

"Hicho cha sasa hivi. Chenye mluzi."

"Viko vingi," Bi Deki alisema. "Bado sijavipanga."

Alikohoa tena, na binti akaketi kwenye kigoda akasikiliza. Kile kikavu cha haraka haraka kilikuwa cha fundi wa mapipa. Cha kubanja mara mbili na kunyamaza, cha mwanamke wa mizani. Kile kinachoanza kama kicheko kilikuwa cha rafiki yake anayekaa naye meza moja, ambaye mchana huo alikuwa amemwambia, akijipiga kifuani, kwamba imani ni kitu cha ajabu. Binti alisikiliza mpaka giza likaanza kuingia, na alitambua arobaini hivi.

Alhamisi afisa wa afya ya wafanyakazi alikuja kiwandani. Alikuja kwa sababu ya zile barua za zamani, ambazo hatimaye zilikuwa zimemfikia. Alipima vifua sitini na viwili, akavikuta safi kama vya watoto wa shule. Alitazama feni. Ndani ya mapanga yake ndege walikuwa wamejenga kiota. Aliandika kwamba chumba kina mvuke mwingi usio na madhara, na kwamba feni si ya lazima. Meneja alimpa katoni ya sabuni ya kuogea, akamsindikiza hadi kwenye gari akitembea bila kuchechemea.

Kufikia wakati huo watu wote walijua. Ingekuwa vizuri kusema hawakujua, lakini walikuwa wakipita mbele ya chumba cha Bi Deki kwenda kazini, na kila mmoja alikisikia chake. Wengine waliacha machungwa mlangoni na kuondoka mbio. Katibu alipeleka mkebe wa tangawizi na kuulizia jino, kwa upole, kama mtu anayemuulizia ndugu aliyehamia mbali. Ilijulikana pia jinsi ya kukirudisha kitu, maana binti hakuficha lolote. Unalalamika tu, mwenyewe, kwa kinywa chako. Watu walisema ni jambo la kufikiria.

Jumamosi mama na binti waligombana.

"Kesho nakichukua changu," binti alisema.

"Usiniguse vitu vyangu."

"Si chako. Mimi ndiye niliyekivuta pale chumba cha kupikia, siku kwa siku."

"Kimoja kitapunguza nini? Viko sitini na viwili."

"Kitapunguza kimoja," binti alisema.

Jumapili ya nne alisimama mbele peke yake. Mchungaji alimpa kipaza sauti kwa tabasamu. "Nalalamika," binti alisema. "Nina kikohozi. Nimekipata kiwandani kwa sababu feni imekufa, na imekufa kwa sababu hakuna aliyetaka kuitengeneza. Nakitaka kirudi." Alipofika kwenye neno feni kikohozi kilikuwa kimeshafika, kwa hiyo sentensi nzima ilichukua muda. Kule nyuma, kwenye benchi la mlangoni, Bi Deki alivuta pumzi ndefu kidogo kuliko iliyotangulia, akamtazama mwanawe kwa hasira na fahari.

Hakuna mtu mwingine aliyesimama. Wafanyakazi sitini na mmoja walitazama vitabu vyao vya nyimbo, vilivyokuwa vimefungwa. Mwanamke wa mizani aliinuka nusu, akarekebisha sketi yake, akaketi. Mchungaji alichukua kipaza sauti, akakipangusa kwa leso, akahubiri kwa dakika hamsini juu ya watu wanaotendewa mema na kuyarudisha.

Jumatatu msimamizi wa zamu alimwita binti ofisini. Alimweleza kwamba yeye ndiye mtu pekee anayekohoa kiwandani, na kwamba afisa wa afya ameshaandika kuwa mvuke hauna madhara, kwa hiyo ugonjwa wake hautokani na kazi, bali ni wa kwake binafsi na huenda unaambukiza. Alimpa barua ya kumwachisha kazi na kipande cha sabuni. Binti alirudi nyumbani, akaanza kuwashonea watu vifungo na kupiga pindo. Kufua nguo za watu alikataa. Alikuwa ameshaona kinachowapata wanaosafisha.

Katika wiki ya tano Bi Deki hakuweza tena kuinua ndoo. Alilala kitandani karibu na dirisha na kukohoa, kwa zamu, vikohozi sitini na kimoja, na katikati yake jino, mguu, mgongo, kiungulia na hamu ya kuhama nyumba. Sauti ilifika mtaa wa pili. Waumini wa kanisa la jirani walianza kuuliza, na hilo ndilo lililowaleta Mchungaji na Meneja chumbani kwake siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Walikaa kwenye viti viwili vilivyokuwepo. Binti alikuwa amepiga magoti sakafuni, akipangusa mate ya mama yake kwa tambara. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Mama, tumekuja kukufariji," Mchungaji alisema.

"Kiti ulichokalia kina mguu mbovu," Bi Deki alisema.

Mchungaji alihamisha uzito wake. "Kanisa zima limepata uponyaji. Umebaki wewe tu. Inatuumiza kuona mtu wetu anateseka kwa sababu ya kukosa neno moja. Sema asante, mama. Mara moja tu. Upumzike."

"Nikisema, vitaangukia wapi?"

"Miguuni pa Bwana."

"Vitaanguka hapa sakafuni," Bi Deki alisema. "Na anayepiga deki hapa ni huyu."

Meneja alitazama chini na kuinua viatu vyake kidogo. Binti naye aliinua kichwa. "Stoo ya kiwandani imejaa zile glavu nyeusi," alisema. "Nikiwa nazo, mama anaweza kusema."

"Kweli zipo," Meneja alisema. Alikuwa mtu anayependa utaratibu, na alisikitika kwa dhati. "Ila ni vifaa vya usalama kazini. Ni za wafanyakazi, na wewe si mfanyakazi tena."

Fundi wa mapipa na wengine kama saba walipita kifuani mwa Bi Deki. Walipomaliza, Mchungaji alimsogelea na kushusha sauti, ile sauti nzuri.

"Niambie ukweli, mama. Bado unaamini?"

"Ningekuwa siamini ningemlalamikia nani?" Bi Deki alisema. "Nyie?"

Walisali, kwa kuwa ilikuwa lazima wasali, na wakaondoka. Njiani walikubaliana kwamba mwanamke yule ana moyo mgumu, na kwamba inasikitisha jinsi mtu anavyoweza kufanya kazi kanisani miaka kumi na tisa bila neno kumwingia. Meneja alisema kinachomuuma hasa ni yule binti. Alisema hivyo akiruka mfereji, kwa wepesi, kwa mguu wake mzuri.

Nafasi ya mfagizi haikukaa wazi. Tangazo lilibandikwa Ijumaa, na kwa jinsi nyakati zilivyokuwa, Jumamosi asubuhi wanawake kumi na mmoja walikuwa wamepanga foleni nyuma ya kanisa. Kila mmoja aliulizwa swali moja, kama ana moyo wa shukrani. Aliyechaguliwa alikuwa mwembamba, mjane, mwenye watoto wanne, na alipoambiwa amepata kazi alishika mikono yote miwili ya Katibu akashukuru mpaka Katibu akaona aibu. Jumatatu alipiga deki. Jumanne aliulizia glavu. Katibu aliweka karatasi mpya kwenye mashine.

Siku ya arobaini kanisa lilijaa hadi nje. Mwalimu wa kwaya aliongoza akiwa amenyooka kama mlingoti. Ilitangazwa kwamba, kwa matunda yaliyoonekana, siku arobaini nyingine zingeanza kesho yake, na watu walipiga makofi, kwa sababu kila mmoja alikuwa amepata maumivu mapya na hakuona sababu ya kuyazoea. Mvuke kule chumba cha kupikia ulikuwa ule ule, na vifua vilikuwa vimeshaanza tena. Kuhusu feni, Meneja alisimama kutoa ushuhuda. Alisema mayai yameanguliwa kwenye kile kiota, vifaranga watatu, na kwamba kama feni ingetengenezwa mwaka juzi kama wengine walivyodai, vifaranga wale wasingekuwepo. Alishukuru kwa ajili yao. Kanisa likasema amina.

Sauti za nyimbo zilifika mpaka chumbani kwa Bi Deki, zikipitia dirishani. Binti alikuwa amechemsha maji tangu alfajiri, akayapoza hadi yakawa vuguvugu, kiasi kile mama yake alichopenda siku zote, kidole kikiingia bila kushtuka. Alimwogesha akiwa amelala, upande mmoja kisha wa pili. Alimkausha, akambadilishia shuka, akampaka mafuta visigino vilivyopasuka kwa miaka kumi na tisa ya saruji yenye maji, akamchana nywele kwa polepole kuanzia kwenye ncha. Kila alipopatwa na kikohozi chake aligeukia ukutani, akakohoa, mluzi ukatoka, akarudi kwenye kazi. Mwisho alimwinua mama yake, akamwekea mto mgongoni mahali hasa panapouma mgongo wa mwalimu wa kwaya.

Bi Deki alimtazama kwa muda mrefu. Macho yalikuwa yamejaa. Mdomo wake ulifunguka, na binti akasimama na beseni mikononi, kwa sababu alimjua mama yake na alijua ni neno gani lililokuwa pale kwenye ulimi, limekaa tayari tangu maji ya kwanza. Alilisubiri. Hakujua kama analiogopa au analitaka.

"Maji yalikuwa ya baridi," Bi Deki alisema.

"Nimesikia, mama," binti alisema. Aliweka beseni chini, akachukua tambara, akapiga deki. Sakafu ilikuwa safi.